Namna ya Kulisoma Wingu la Mvua ya Radi Kabla Halijakufikia

Wakati wa karafuu, nyumba iliyoanika majamvi yake uani hutazama juu mara nyingi kuliko inavyotazama saa, na swali linaloulizwa huwa ni lile lile: wingu hili ni la kupita au ni la kunyesha? Wengi wetu hulijibu kwa kupima weusi. Wingu likiwa jeusi, majamvi hukunjwa. Likiwa jeupe, karafuu huachwa juani. Mimi nilikitegemea kipimo hicho kwa miaka, mpaka ikaja wiki moja ya vuli iliyonihadaa mara mbili. Siku ya kwanza nilikusanya majamvi sita mbio mbio kwa kuliogopa wingu jeusi lililosimama upande wa magharibi, nalo likapita bila ya kudondosha tone. Siku ya tatu yake wingu jeupe, linalong'aa kama chokaa mpya, lilipanda mashariki nyuma ya mikarafuu. Nikalisifu kwa uzuri wake, nikaendelea na shughuli zangu, na haikutimia saa moja karafuu zikawa zinaelea. Karafuu iliyorowa ikiwa nusu kavu hushika ukungu na kupoteza rangi, na mizani haina huruma na karafuu ya namna hiyo.

Makosa yale mawili yana sababu zake katika elimu ya anga, na sababu zenyewe si ngumu. Yafuatayo ni mambo ya kutazama badala ya weusi, kwa utaratibu ambao mtu yeyote wa Unguja au Pemba anaweza kuufuata akiwa na kipimajoto, kopo la bati, ngumi yake mwenyewe na saa.

Anza asubuhi, kwa kopo la maji ya barafu

Wingu la radi haliji kutoka mbali likiwa limekamilika, ingawa kwa macho huonekana hivyo. Mara nyingi hujengwa papo hapo, kutokana na mvuke ambao tangu asubuhi umo katika hewa tunayoivuta. Jua linapopasha ardhi, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, hupanuka, huwa nyepesi na hupanda. Kadiri inavyopanda hukutana na kanieneo ndogo zaidi, yaani msukumo hafifu zaidi wa hewa inayoizunguka, hivyo huzidi kupanuka, na kupanuka huko huipoza kwa kiasi cha nyuzi 1 ya sentigredi kwa kila mita 100. Hufika mahali ambapo baridi yake haiwezi tena kuubeba mvuke wote iliokuwa nao, na hapo mvuke huanza kugeuka vitone vya maji. Mahali hapo ndipo kitako cha wingu.

Kimo cha kitako hicho unaweza kukikisia ukiwa jikoni. Chukua kopo la bati, utie maji ya kawaida, kisha uongeze barafu kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiko, kipimajoto kikiwa ndani. Angalia ukuta wa nje wa kopo. Mara tu unapoona linaanza kutoa jasho, soma kipimajoto: hicho ndicho kiwango cha umande cha hewa ya siku hiyo, yaani joto ambalo mvuke wake huanza kugeuka maji. Halafu pima joto la hewa kivulini, utoe kiwango cha umande, na tofauti uizidishe kwa 125. Ikiwa hewa ina nyuzi 31 na kopo limetoa jasho likiwa na nyuzi 24, tofauti ni 7, na vitako vya mawingu vitakuwa kwenye kimo cha mita 875 hivi. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inakaribia ukweli kiasi cha kushangaza katika siku ya jua na mawingu yaliyotawanyika, na inaeleza jambo ambalo kila mtu ameliona bila ya kulitilia maanani, yaani kwamba mawingu ya mchana huwa na vitako bapa vilivyo sawa, kana kwamba yote yamewekwa juu ya meza moja ya kioo. Hewa ya eneo lile ina mvuke na joto vinavyokaribiana, basi kila bonge la hewa hufikia umande wake kwenye kimo kile kile.

Kopo linakwambia jambo jengine lililo kubwa zaidi. Likitoa jasho likiwa bado na nyuzi 25 au 26, ujue kwamba hewa imejaa kuni. Nasema kuni kwa sababu mvuke unapogeuka maji huachia joto lile lililotumika kuuvukiza baharini, na joto hilo si dogo: kilo moja ya mvuke inapogeuka maji hutoa takriban jouli milioni 2.5, ambazo zingetosha kuchemsha kama lita 8 za maji ya mtungini. Joto hilo huifanya hewa iliyomo ndani ya wingu ipoe polepole kuliko hewa iliyo nje yake, ibaki nyepesi kuliko jirani zake, na izidi kupanda. Wingu, kwa hivyo, hujipandisha lenyewe. Mvuke nao huhitaji kitu cha kushikilia ili uwe kitone, na visiwani hatuna upungufu wa vitu hivyo: chembe za chumvi zinazorushwa na mawimbi yanayovunjika kwenye miamba, moshi wa majiko, vumbi la barabara.

Tazama kingo, si rangi

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa na nahodha mmoja mkongwe wa Kojani, chombo chake kikiwa kimepwelewa, na magharibi yetu kulikuwa na wingu jeusi la kutisha. Yeye alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Babu, mbona hulitazami lile?" nikamuuliza.

"Lile lishamaliza kazi yake, Maalim. Mimi namtazama yule kijana mwenye upara kule. Akishaota mvi tu, sisi hatuna safari."

Miaka mingi baadaye nilipojisomea elimu ya mawingu niligundua kwamba wataalamu wamelipanga wingu la radi kwa lugha ile ile ya yule mzee. Mtindo wa kuyapa mawingu majina ya Kilatini ulianzishwa na Luke Howard, mfamasia wa London, mwaka 1802, na katika mpangilio wa kimataifa unaotumika leo, wenye jamii 10 za mawingu, wingu la radi huitwa kumulonimbasi. Jamii hiyo ina aina mbili: moja jina lake kwa Kilatini lina maana ya "lenye upara", na ya pili lina maana ya "lenye nywele". Tofauti ya upara na nywele ndiyo dalili moja iliyo bora kuliko zote, na inafaa kuielewa vizuri.

Mawingu madogo ya saa nne au saa tano asubuhi hufanana na usufi uliodondoka chini ya msufi: mafungu mafungu, upana wake unazidi urefu wake, na kingo zake zinayeyuka ukiyakodolea macho. Hayo hayana madhara. Chagua moja ulitazame kwa dakika 10 bila ya kuhama. Likipotea, siku hiyo hewa ya juu ni kavu na inayala mawingu. Likibaki na kupanda mpaka urefu wake ukazidi upana wake, na kichwa chake kikaanza kuvimba kwa mapovu magumu magumu yanayosukumana kama tui linalotaka kufurika sufuriani, basi kuni za asubuhi zimeshika moto. Kingo zake wakati huo huwa kali, utadhani zimekatwa kwa kisu. Sababu ni kwamba wingu bado ni la vitone vya maji, vyenye upana wa kama sehemu moja ya hamsini ya milimita. Kitone cha namna hiyo kikitoka nje kidogo tu, kwenye hewa kavu, hukauka mara moja, kwa hiyo mpaka baina ya wingu na anga huwa wazi. Huo ndio upara.

Katika anga yetu ya joto, maji huanza kufikia kiwango cha kuganda kwenye kimo cha kilomita 5 hivi, lakini vitone vidogo vinaweza kubaki maji hata kwenye baridi ya nyuzi nyingi chini ya sifuri. Kichwa cha wingu kinapopita huko juu sana, vitone hugeuka barafu. Chembe za barafu hazikauki upesi kama vitone vya maji; upepo huzichukua mbali kabla hazijatoweka, na kwa hiyo kingo zilizokuwa kali hulegea, zikawa na nyuzi nyuzi kama mvi au kama katani iliyochambuliwa. Ukiona kichwa cha wingu kimeanza kuota nywele hizo, hata kama mwili wake wote ni mweupe, wingu hilo ni kumulonimbasi kamili, na chini yake mvua ama imeshaanza au itaanza wakati wowote. Kutoka upara hadi nywele huenda ikachukua dakika 20 au 30 tu. Hizo ndizo dakika zako za kuanua.

Kwa nini weusi hudanganya

Fanya jaribio dogo usiku. Tia maji katika bilauri ya kioo, uongeze maziwa matone machache, ukoroge. Washa tochi ya simu upande mmoja wa bilauri. Ukisimama upande wa tochi, bilauri itang'aa kwa weupe. Ukihamia upande wa pili, ukiitazama tochi kupitia bilauri ile ile, utaona utusitusi, na kila unapoongeza tone la maziwa giza linazidi. Maziwa hayajabadilika rangi. Kilichobadilika ni mahali uliposimama na unene wa kile kilicho baina yako na taa.

Wingu lina tabia hiyo hiyo. Vitone vyake ni vikubwa vya kutosha kuitawanya mianga ya rangi zote kwa usawa, na rangi zote zikichanganyika huwa nyeupe. Ndiyo maana abiria wa ndege huliona wingu la radi kutoka juu likiwa jeupe la kuumiza macho. Lakini mwanga unaoingia kileleni hugongwa na kutawanywa mara nyingi mno, na sehemu kubwa yake hurudi juu au hutokea ubavuni. Wingu lenye unene wa kilomita 10 au zaidi hupitisha mwanga kidogo sana hadi kitakoni. Weusi wa kitako, kwa hivyo, ni kipimo cha unene ukiwa chini ya wingu lenyewe, wala si wakati mwengine.

Ukiwa mbali, jua ndilo linaloamua. Alasiri jua liko magharibi, na kila wingu lililo magharibi yako liko baina yako na jua, hivyo unaona ubavu wake ulio kivulini: hata wingu la kawaida lisilo na mvua huonekana jeusi. Lililo mashariki yako, kinyume chake, linapigwa na jua usoni na huonekana jeupe hata likiwa na radi tumboni. Mtu wa Forodhani, Mkoani au Wete akitazama bahari alasiri hutishwa bure, huku lile wingu analopaswa kuliogopa liko nyuma yake. Mtu wa Paje, Jambiani au Micheweni hudanganywa asubuhi kwa namna hiyo hiyo. Wanaoanika mwani upande wa mashariki wa Unguja wana kila sababu ya kulikumbuka hili wanapotoka pwani mapema. Kanuni ninayoifuata ni kugeuka kwanza: nalipa jua mgongo, nalitafuta wingu jeupe lililo refu kuliko yote, na hilo ndilo ninaloanza kulichunguza.

Liko jambo moja ambalo rangi inaweza kukueleza kwa haki. Tone moja la mvua hutokana na vitone vya wingu vipatavyo milioni moja vilivyoungana, na maji yaliyokusanyika katika matone machache makubwa huzuia mwanga kidogo kuliko maji yale yale yakiwa yametawanyika katika vitone visivyohesabika. Ndiyo maana chini ya wingu linalonyesha huoni weusi mtupu bali pazia la kijivu hafifu, linaloning'inia kutoka kitakoni hadi baharini, na wakati mwengine linapitisha mwanga. Pazia likigusa maji, mvua inanyesha hapo. Likiishia njiani kama ncha za kanga iliyochakaa, matone yanakauka kabla ya kufika chini. Kitako cheusi kisicho na pazia lolote chini yake, kikiwa karibu, ndicho cha kukitilia shaka zaidi, kwa sababu mzigo wake bado haujashushwa.

Kilele na ngumi

Wingu haliwezi kupanda bila ya mwisho. Katika nchi za joto, kwenye kimo cha kilomita 16 au 17, kuna mpaka ambao wataalamu huuita tropopozi. Chini yake hewa hupoa kadiri unavyopanda, na juu yake huanza kupata joto tena. Bonge la hewa linalopanda likifika hapo halipati tena faida ya wepesi, hivyo hutandaa pembeni, kama moshi unaofika kwenye dari. Mtandazo huo wa barafu hulifanya wingu lifanane na fuawe la mhunzi, jembamba katikati na pana juu. Ikiwa juu ya fuawe kunachomoza nundu, maana yake mkondo wa hewa ulio chini una nguvu za kutosha kuuvuka mpaka kwa muda, na wingu hilo halifai kufanyiwa mzaha. Mchomozo wa fuawe, yaani upande ambao limenyooka zaidi, unaonyesha tu upepo wa juu kabisa unakokwenda. Usiutumie kubashiri njia ya wingu lenyewe, kwa kuwa huku chini upepo unaweza kuwa wa upande mwengine kabisa.

Kwa kuwa vilele vya mawingu makubwa haviko mbali na kilomita 15, ngumi yako inaweza kupima umbali. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na uiweke juu ya upeo wa macho. Ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 10 za pembe. Wingu lenye fuawe linalofikia ngumi moja liko umbali wa kilomita 85 hivi. La ngumi mbili liko kilomita 41, la ngumi tatu kilomita 26, la ngumi nne kilomita 18. Kwa aliyesimama ufukweni Wete, fuawe la ngumi moja na nusu liko kilomita 55 hivi, yaani ng'ambo ya mkondo wa Pemba, karibu na Mrima, na halihitaji kumkatisha mtu chakula chake. Mawingu haya hutembea polepole, mara nyingi baina ya kilomita 10 na 40 kwa saa, na mengi hufa kabla ya kumaliza safari. Hata hivyo hesabu ya mwendo peke yake haitoshi, kwa sababu wingu la radi huzaa mengine mbele yake, na hapo ndipo upepo unapoingia.

Sikiliza upepo

Huenda umewahi kumsikia mtu akisema kwamba hakuna wasiwasi kwa kuwa upepo unavuma kuelekea winguni, hivyo utalisukuma liende zake. Maneno hayo yamewarowesha wengi. Wingu linalokua hunyonya hewa ya chini kutoka pande zake, kwa hiyo upepo unaoelekea winguni ni dalili kwamba linakula. Watu wanapostaajabu kuona wingu "linakuja kinyume na upepo", wanaona jambo la kawaida kabisa.

Mabadiliko yanayofuata yana mpangilio. Mvua inayoanguka ndani ya wingu huivuta hewa kwenda nayo chini, na sehemu ya matone hukauka njiani. Kukauka huchukua joto, hewa hupoa, huwa nzito, na hushuka kwa kishindo hadi chini, ambako hutandaa kila upande kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ukiwa mbele ya wingu, kwanza utahisi upepo wa bahari umekata. Majani ya minazi hutulia, bahari huwa shwari, na joto huonekana kuzidi. Baada ya dakika chache hupiga dhoruba ya baridi kutoka upande wa wingu, na joto linaweza kushuka kwa nyuzi 5 au zaidi kabla ya tone la kwanza. Mara nyingine hewa hiyo baridi huinyanyua hewa ya joto iliyo mbele yake na kutengeneza wingu jembamba, refu, lililoinama mbele ya mvua kama upenu wa nyumba. Baharini huonekana mapema zaidi: mstari mweusi wa maji yaliyochafuka, vichwa vyeupe vya mawimbi nyuma yake. Mwenye ngalawa akiuona mstari huo akiwa bado ana tanga juu, amechelewa. Tanga lilitakiwa kushushwa pale upepo ulipokata.

Hesabu baina ya umeme na ngurumo

Katika kimo ambacho baridi ni ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, vidonge laini vya barafu vinavyoanguka hugongana na vipande vyepesi vya barafu vinavyopandishwa. Kwenye kila mgongano chaji ya umeme huhama. Vidonge hubaki na chaji hasi na vipande vyepesi hubeba chaji chanya kwenda juu. Wingu hugawanyika hivyo, hadi hewa ishindwe kuzitenga chaji hizo na umeme uruke. Njia ya umeme hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, takriban mara tano ya joto la uso wa jua, na hewa iliyoizunguka hupanuka kwa ghafla. Mpanuko huo ndio ngurumo.

Mwanga hufika papo hapo na sauti hutumia sekunde 3 kwa kila kilomita. Hesabu sekunde kuanzia unapouona umeme mpaka unapoisikia ngurumo, ugawe kwa 3. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10, na radi inayofuata inaweza kukupiga wewe, hata ikiwa jua linawaka ulipo. Ingia katika nyumba iliyojengwa imara au gari lililofungwa milango. Chini ya mnazi au mwembe si mahali pa kujikinga, wala banda la makuti lililo peke yake uwanjani. Aliye baharini na hawezi kufika pwani ashushe tanga, ajiinamishe, akae mbali na mlingoti. Rudi kazini zikishapita dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watoto wa mpira hulalamika kwa sharti hili, nami siwalegezei. Umeme unaomulika usiku kwenye upeo wa macho bila ya sauti yoyote ni radi ya kawaida iliyo mbali mno kusikika.

Msimu na saa

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba, ndiyo misimu ambayo ukanda wa makutano ya pepo za kaskazini na za kusini hupita juu ya visiwa vyetu ukilifuata jua, na ndiyo misimu ya kuyatumia haya zaidi. Wakati wa kusi kavu, tangu Juni hadi Septemba, hewa ya juu mara nyingi hufanya kama kifuniko. Mawingu hupanda kidogo, hugota, hunyunyiza na kuondoka. Katika siku tulivu za jua, upepo wa bahari huingia Unguja kutoka pwani za pande mbili na kukutana katikati ya kisiwa, na hapo ndipo minara ya alasiri huanzia. Usiku ardhi hupoa na bahari hubaki na joto lake, hivyo mara nyingi mawingu makubwa ya alfajiri huwa juu ya maji.

Masika huleta pia siku za wingu moja la kijivu lisilo na umbo, linalonyesha kutwa bila ya radi. Siku kama hizo hakuna cha kusoma, tafuta mwavuli. Vimbunga navyo ni jambo jengine kabisa. Huku karibu na Ikweta ni vichache, lakini kile cha Aprili 1872 kiliiangamiza mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Kwa kimbunga usitegemee ngumi wala kopo, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Weka daftari. Kuandika saa na unachokiona ndiko kulikonifundisha zaidi ya maelezo yoyote, na ukurasa wangu mmoja wa Novemba, hapa Wete, unasomeka hivi:

Saa nne asubuhi. Hewa nyuzi 30, kopo 25. Kitako kwa hesabu ni mita 625. Usufi kila upande, hauyeyuki.

Saa saba. Marefu kuliko mapana, kingo kali. Magharibi wingu jeusi, fupi, limeachwa.

Saa nane na dakika ishirini. Kaskazini, upande wa Konde, mnara mmoja mweupe wenye upara, ngumi tatu na nusu.

Saa nane na nusu. Ubavu wa kulia wa kichwa umeota nywele. Majamvi yamekunjwa.

Saa tisa kasoro kumi. Upepo wa bahari umekata.

Saa tisa kasoro tano. Umeme, sekunde 24, kilomita 8. Watoto wameitwa ndani.

Saa tisa na dakika tano. Baridi kutoka kaskazini, hewa imeshuka kutoka 31 hadi 25. Pazia limefika kwenye minazi.

Saa tisa na robo. Mvua.

Saa kumi kasoro dakika ishirini. Ngurumo ya mwisho.

Saa kumi na dakika kumi. Watoto wametoka. Ua bado ni bichi, karafuu zimebaki ndani.